Stempu za Buhaya na mikono iliyozitunza

Emin Pasha, aliyewatumikia Wajerumani, alipojenga boma la Bukoba, Buhaya, mwishoni mwa 1890, barua zilitembea kwa miguu ya matarishi. Mwaka 1893 Wajerumani walichukua stempu za kwao Ulaya, wakazipiga chapa ya thamani kwa pesa, pesa 64 kwa rupia moja. Mwaka 1900 ikaja stempu yenye picha ya Hohenzollern, meli ya mfalme wao, na mwaka 1905 heller zikachukua nafasi ya pesa. Mkusanyaji anayeijua kazi yake huitazama meli ile mara moja tu, kisha hugeukia muhuri wa posta uliogongwa juu yake. Neno Bukoba na tarehe inayosomeka ndivyo vinavyomwambia barua ilitoka wapi na lini.

Juni 1915 Waingereza waliishambulia Bukoba na kukibomoa kituo chake cha simu ya upepo. Mwaka uliofuata waliitwaa kabisa, na baadaye stempu za Afrika Mashariki na Uganda zikapigwa herufi G.E.A. Wajerumani nao, walipoishiwa stempu mwaka 1916, walichapisha nyingine kwenye mtambo wa misheni huko Vuga, Usambara. Shehena mpya ikawahi kuwasili kwa meli, hivyo zile za Vuga hazikutumika. Zilifukiwa ardhini zisitekwe, zikafukuliwa baada ya vita.

Tanganyika ilipata twiga wake mwaka 1922. Mwaka 1935 ikaanza stempu moja kwa Kenya, Uganda na Tanganyika, na miongoni mwa picha zake lilikuwamo jahazi la Ziwa Viktoria. Katika toleo la 1954 majina ya nchi hizo yalipokezana nafasi ya kwanza. Sioni karatasi nyingine ya serikali iliyoeleza ujirani wetu vizuri kuliko hiyo. Mtu wa Kamachumu, upande wetu wa Buhaya, alibandika stempu ileile aliyobandika ndugu yake wa Masaka, Uganda.

Nani alizitunza stempu hizi? Mara nyingi ni watu waliogawiana. Mwenye stempu mbili za aina moja humpa mwenzake moja bila kudai chochote, na anayegundua tarehe mpya ya muhuri huwajulisha wenzake. Buhaya inaelewa jambo hili: waliofanya omukago, yaani undugu wa kuchanjiana, walitafuna buni kutoka tunda moja, na tunda la kahawa kwa kawaida hubeba punje mbili.

Ukarimu mkubwa zaidi ulikuwa Bethel, Ujerumani. Wamisionari wa Bethel, akiwamo Ernst Johanssen, walifika Bukoba mwaka 1910. Huko kwao, tangu 1888, kulikuwa na kituo kinachopokea stempu zilizotumika kutoka kwa yeyote mwenye moyo wa kutoa. Watu wenye ulemavu huzikata kwenye bahasha, huzilowesha zibanduke, huzikausha na kuzipanga, kisha stempu hizo huuzwa kwa wakusanyaji. Kazi hiyo ipo hadi leo. Josiah Kibira, askofu wa Bukoba aliyechaguliwa mwaka 1977 kuongoza Shirikisho la Kilutheri Duniani, alisoma theolojia Bethel. Siamini kwamba barua za kwetu hazikuacha stempu zao mezani pale.

Mwaka huohuo wa 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika, na shirika la pamoja la posta likafa nayo. Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin wa Uganda yalivuka mpaka. Mkoa wa Ziwa Magharibi ulitoka vitani ukiitwa Kagera, na barua zake zikaendelea kusafiri kwa stempu za Tanzania peke yake.

Bahasha za kabla ya hapo bado zimo katika masanduku ya mabati ya wazee wa Kamachumu, Rubya na Kashozi. Ukiipata moja, usiiloweshe wala kuikata. Iache nzima, na stempu yake, muhuri wake na anwani iliyoandikwa kwa mkono. Mwonyeshe anayekusanya, hata kama huna nia ya kuuza.