Msumeno wa Shimoni

Ukipita vijiji vya Muheza, kuanzia Tengeni kupanda hadi Sigi na Amani, hukosi kukuta misumeno ya zamani imelala nje, kutu tupu. Watu husema, "Aa, ya Mjerumani hiyo." Basi! Huku kwetu kila chenye kutu ni cha Mjerumani.

Kweli, Mjerumani alianza mapema. Reli kutoka Tanga ilifika Muheza 1896, kituo cha utafiti cha Amani kikaanzishwa 1902, na kufikia 1910 palikuwa na kijireli chembamba cha Tengeni hadi Sigi, cha kuteremshia mbao. Lakini kupasua mbao kwa mkono hakukuondoka naye. Kuliendelea enzi za Mwingereza, na hata baada ya Uhuru. Kwa hiyo, ndugu msomaji, kabla hujataja taifa, tazama meno.

Msumeno wa kukatia magogo hukata ukienda na ukirudi, na meno yake hayaegemei upande wowote. Wa kupasulia mbao ni mrefu, mpana juu, mwembamba chini, na meno yote yameinamia chini. Kwa nini? Mmoja alisimama juu ya gogo akifuata mstari, mwenzake alikuwa shimoni, na msumeno ulikula ukishuka tu. Mpini wa chini uliweza kuchomolewa ili msumeno utolewe kwenye mpasuo. Na vumbi lote? La yule wa shimoni.

Pale Sigi, nyumba ya mkuu wa stesheni wa wakati wa Mjerumani imekarabatiwa, leo ni kituo cha wageni wa Hifadhi ya Amani, iliyotangazwa 1997. Vizuri sana. Yule wa shimoni hakuachiwa nyumba. Alichoacha ni msumeno, na mnunuzi wa vyuma chakavu anapita na mizani yake.

Ukiuona, usiunyakue tu. Andika kwanza ulipolala, kama kuna shimo karibu, kisha muulize mzee aliyewahi kupasua waliuitaje. Usiupeleke kwenye jiwe la kunolea, wala usiyaguse meno kwa tupa. Yalivyochakaa ndivyo ulivyofanya kazi. Sugua kutu taratibu kwa brashi na mafuta ya taa, maana chini yake huenda pamegongwa jina la kiwanda. Kausha, paka mafuta ya cherehani, utundike pakavu. Rangi usipake, itaficha maandishi. Mpini ulioliwa na mchwa nao usiutupe: ufunge kwa kamba pamoja na msumeno wake.