Jumba la Sultani na urefu wa boriti

Ukitoka Bagamoyo mjini kuelekea kusini, ukapita magofu ya Kaole, unafika Mlingotini, kijiji cha pwani chenye mikoko. Hebu utazame mkoko mmoja ujiulize: boriti yake inaweza kuwa ndefu kiasi gani kabla haijapinda kwa uzito wa dari ya mawe na chokaa?

Mafundi wa zamani walishajibu: mita 2.5 hadi 3 hivi. Ndiyo maana vyumba vya nyumba za mawe, kuanzia Bagamoyo hadi Mji Mkongwe wa Zanzibar, ni virefu lakini vyembamba. Ukuta wa matumbawe unaweza kuurefusha utakavyo. Boriti haikubali, hata kama mwenye nyumba ni sultani.

Sasa, Sultani Barghash, aliyetawala Zanzibar 1870 hadi 1888, alitaka nafasi zaidi. Mwaka 1883 akajenga Beit al-Ajaib, jumba la sherehe. Husemwa kuwa mchoraji wake alikuwa mhandisi wa meli Mwingereza, na ukiliangalia unaona kwa nini watu wanaamini: baraza pana pande zote zimebebwa na nguzo za chuma, na ndani kuna mihimili ya chuma. Kuta, hata hivyo, ni matumbawe na chokaa, vitu vilevile vilivyojenga Kaole karne nyingi kabla.

Tarehe 27 Agosti 1896 manowari za Waingereza zililipiga eneo la ikulu kwa mizinga. Mnara wa taa uliokuwa mbele ukaharibiwa, jumba likabaki. Baadaye likaongezewa mnara wa saa. Lakini tarehe 25 Desemba 2020, bila mzinga wowote, sehemu kubwa ya mbele iliporomoka pamoja na mnara huo, na watu wawili wakafa.

Hapa ndipo chuma na mkoko vinapotofautiana. Boriti ikioza, fundi huiona darini, akaitoa na kuweka nyingine. Chuma kilichozikwa ukutani, kwenye upepo wa chumvi, huota kutu kimyakimya, kikavimba na kupasua mawe yanayokizunguka. Upana ule Barghash aliupata kweli, ila ulikuja na deni la matunzo ambalo kila kizazi lazima kililipe.

Siku ukiingia nyumba ya mawe ya zamani, pima upana wa chumba kwa hatua. Zikiwa tatu au nne tu, umeshakipata kipimo cha mkoko.