Ok-Oyot System na Swali la Baba

Sidi yenyewe haikuwa na jalada. Binamu yangu, aliyekuwa akifanya kazi kwenye cyber moja Kondele, alinakili ngoma sita kwenye sidi tupu na kuandika juu yake kwa kalamu nene: BENGA YA WAZUNGU. Ilikuwa mwaka 2007. Nilikuwa na miaka 13, na nilikuwa nimeshaamua kwamba mimi ni mtoto wa roki.

Kuwa mtoto wa roki Kisumu ilikuwa kazi. Wasee wa mtaa walikuwa na genge na dancehall, kanisa lilikuwa na yake, na wazee walikuwa na benga. Mimi nilikuwa na nyimbo kumi za Linkin Park na Green Day nilizolipia kwa dakika za intaneti, moja baada ya nyingine. Nilizipenda kwa sababu zilipiga kelele, lakini pia, niseme ukweli, kwa sababu zilikuwa mbali na nyumbani. Shuleni kwetu, aliyeshikwa akiongea Dholuo alivishwa kibao shingoni, akatembea nacho mpaka amshike mwingine. Ukivaa kile kibao mara tatu nne, unaanza kujisikiza kabla hujafungua mdomo. Benga ilikuwa kile kibao chenye gita. Ilikuwa muziki wa matanga, wa disko ya usiku kucha kijijini, wa wanaume waliokunywa hadi wakaanza kusifia majina yao.

"Skiza hii, omera," binamu aliniambia. "Ni ile roki yenu, lakini wanaimba kama kwetu."

Albamu hiyo ni *Ok-Oyot System* ya Extra Golden. Hadithi yake ni fupi. Ian Eagleson, mpiga gita wa bendi ya roki ya Marekani iliyoitwa Golden, alikuja Kenya kufanya utafiti wa shahada ya uzamifu kuhusu benga. Hapo alikutana na Otieno Jagwasi, mwimbaji na mpiga gita aliyeongoza Orchestra Extra Solar Africa. Mwaka 2004 Alex Minoff, mwenzake Eagleson kutoka Golden, akaja Nairobi. Pamoja na mpiga ngoma Onyango Wuod Omari, wanne hao wakarekodi. Majina ya bendi mbili yakaunganishwa: Extra kutoka kwa Otieno, Golden kutoka kwa Wamarekani. Mwaka 2006 albamu ikatolewa na Thrill Jockey, lebo huru ya Chicago ambayo wapenzi wa roki ya indie huijua kwa bendi kama Tortoise.

Ok oyot maana yake si rahisi. Wimbo mmoja mle ndani unabeba maneno hayohayo kwa Kiingereza, "It's Not Easy", na mwingine kwa Dholuo. Upo pia "Osama Rach", yaani Osama ni mbaya. Kwa mtu wa Chicago labda lilikuwa jina la kuchekesha. Kwa Mkenya aliyekumbuka tarehe 7 Agosti 1998, bomu lilipolipuka katikati ya Nairobi, halikuwa mzaha.

Nilisikiliza kwa earphone, nikiwa nimejifunika blanketi. Gita la kwanza liliingia likiwa na ule mkwaruzo wa roki niliouzoea. Kisha la pili likalijibu, jepesi, likidonoa noti moja moja kama kuku anayeokota mahindi. Sauti ikaimba, ikamaliza maneno yake, ikajitoa. Magita yakabaki peke yake, yakaanza kupanda, besi ikiwasukuma, ngoma ikikaza. Dakika zikapita. Hakuna aliyekuwa na haraka. Nikajikuta nimekaa kitako kitandani, kwa sababu ule mpando niliujua. Niliujua kabla sijajua kusoma.

Baba alikuwa fundi wa redio na amplifaya, na kibanda chake kilikuwa karibu na soko la Kibuye. Nilipokuwa mdogo nililala pale chini ya meza huku akijaribu spika za watu. Na fundi hujaribu spika kwa muziki anaoupenda. Alikuwa na maboksi mawili ya santuri ndogo, zile za mizunguko 45 kwa dakika. Wimbo mmoja ulikatwa mara mbili: upande wa kwanza maneno, upande wa pili magita. Kwa hiyo mtoto aliyelala chini ya meza alikuwa akiamshwa kila mara wimbo ulipogeuzwa, na kilichokuja baada ya hapo kilikuwa mpando uleule.

Sidi ile ilinituma kurudi kwenye maboksi. Nilianza kusoma lebo za santuri kama nilivyokuwa nikisoma majina ya bendi za roki. Shirati Jazz ya D.O. Misiani, mzaliwa wa Shirati ng'ambo ya mpaka, Tanzania, aliyefariki kwa ajali ya barabarani hapa Kisumu Mei 2006. Victoria Jazz ya Ochieng Nelly na Collela Mazee. George Ramogi. Hawa ndio waliochukua udonoaji wa nyatiti, kinanda chetu cha nyuzi nane, wakauhamishia kwenye gita la umeme kuanzia miaka ya 1960. Na walitolewa na nani? Si na kampuni kubwa za London pekee. Wengi walitolewa na watu kama Chandarana, aliyekuwa na duka na studio Kericho, na Oluoch Kanindo, prodyuza aliyekuwa na lebo zake mwenyewe na kusambaza santuri hadi kusini mwa Afrika. Zimbabwe watu waliziita benga hizo kwa jina lake, kanindo, na jina la lebo yake moja, Sungura, likabaki huko kama jina la aina nzima ya muziki.

Sasa niambie indie ni nini. Lebo ndogo, mwenye nayo anajua wanamuziki wake kwa majina, santuri zinauzwa dukani kwa mtu, sauti inatoka pembeni na kwenda mbali bila kuomba ruhusa ya mji mkuu. Kitu nilichokuwa nikikitafuta kwenye cyber kwa shilingi moja kwa dakika kilikuwa kwenye boksi chini ya meza ya baba. Ilibidi kizunguke mpaka Chicago ndipo nikiheshimu. Hilo bado linaniaibisha kidogo, lakini nadhani si aibu yangu peke yangu. Kile kibao shingoni kilifanya kazi yake.

Kisha ukaja uchaguzi wa Desemba 27, 2007. Matokeo ya urais yalipotangazwa tarehe 30, Kisumu iliwaka. Maduka ya Oginga Odinga Street yaliporwa na kuchomwa, na kutoka Kondele tulisikia milio ya risasi, ambayo si mlio wa filamu hata kidogo. Baba hakuweza kufika Kibuye. Alipofika, kibanda kilikuwa kimefunguliwa kama kopo. Redio za wateja zilikuwa zimeenda, waya zimeng'olewa. Boksi moja la santuri lilikuwa limemwagwa nje, na watu walikuwa wamepita juu yake.

Wiki zile tulikaa ndani sana. Jioni moja stima ilikuwepo, na nikaitia ile sidi kwenye redio ya sebuleni bila kusema kitu. Baba alikuwa amekaa akitazama mikono yake. Wimbo wa kwanza ulipita. Kwenye wa pili akainua kidole. "Hapo wamechelewa kupanda," akasema. Baadaye: "Huyo wa gita la pili amelelewa vizuri." Mama akacheka jikoni, kicheko cha kwanza mwaka huo. Tukasikiliza zote sita. Mwishoni akauliza, "Huyu mwimbaji ni nani?"

"Otieno Jagwasi."

"Alilipwa?"

Nilikuwa nimesoma habari zake kwenye cyber. "Alikufa, baba. Mwaka 2005. Albamu ilikuwa haijatoka."

Baba akatingisha kichwa. "Kama kawaida yetu," akasema, akainuka kwenda kulala.

Nimelibeba swali lile kuliko ninavyobeba ngoma zenyewe. Alilipwa? Mtu aliyetengeneza amplifaya za bendi za Kisumu kwa miaka ishirini alijua kwa nini linaulizwa kwanza. Alikuwa ameona kaseti za kunakili zikiua biashara ya santuri. Alikuwa ametengeneza vyombo vya watu ambao nyimbo zao zilipigwa kila matatu, nao wakaomba wamlipe mwezi ujao.

Kwetu jibu la zamani ni pakruok. Unaingia penye muziki, unaweka pesa, unasimamisha wimbo ili ujisifu au umsifu rafiki yako, kisha unaendelea. Nilidhani ni ulevi tu. Kumbe ndio mshahara. Ukishalijua hilo, hata historia ya Extra Golden inasomeka tofauti. Mwaka 2006 walipoalikwa kupiga Chicago na viza zikakwama, ofisi ya seneta wa Illinois iliwasaidia. Kwenye albamu ya pili, *Hera Ma Nono* ya 2007, Opiyo Bilongo akiwa sasa ndani ya bendi, upo wimbo unaoitwa "Obama". Wamarekani waliusikia kama siasa. Mtu wa Kisumu anausikia kama pakruok: umetusaidia, tumekutaja, tumemalizana. Na ghasia za 2008 zilipowafikia wanamuziki na jamaa zao, mashabiki ng'ambo wakachanga. Albamu ya 2009 ikaitwa *Thank You Very Quickly*. Hiyo nayo ni pakruok, hata kama jina ni la Kizungu.

Siku hizi ngoma zile sita ziko kwenye simu yangu, na hazihitaji dakika za cyber. Baba amestaafu, sikio lake la kushoto limechoka na spika za watu. Boksi lililobaki liko kwangu. Jumapili nyingine nampeleka Kondele penye bendi ya moja kwa moja, tunakaa karibu na sikio la kulia. Kabla magita hayajaanza kupanda, huniuliza kama nina noti mfukoni. Ninatoa. Yeye ndiye hutaja jina.