Kutoka Cherehani hadi Kompyuta Mpakato: Istilahi na Mfuko wa Mnunuzi katika Unguja

Katika makala haya tunakusudia kueleza kwa ufupi historia ya maneno ambayo watu wa Unguja wameyatumia kuvitaja vyombo vilivyowajia kutoka ng'ambo ya bahari, na hasa chombo kimoja cha siku hizi, yaani kompyuta mpakato inayonunuliwa kwa ajili ya michezo. Yumkini msomaji atastaajabu kuona jarida la istilahi likishughulika na kifaa cha vijana. Sababu yetu ni nyepesi. Chombo hiki ni ghali, wanunuzi wake wengi ni watu wa kipato kidogo, na maneno yanayotumika kukiuza bado hayajakaa sawa. Pale neno moja linapobeba maana mbili, anayezijua zote mbili kwa kawaida ni muuzaji, na anayelipa tofauti iliyopo baina yake ni mnunuzi.

Mji Mkongwe umezoea kupokea vyombo vigeni na kuvipa majina. Cherehani ilipoingia haikuitwa kwa jina la Kizungu. Ilipewa jina lenye asili ya Kiajemi, ambamo limo neno la gurudumu, kwa kuwa gurudumu ndilo jambo ambalo jicho la mtazamaji liliona kwanza. Karata nazo zilikuja na Wareno, na mpaka leo barazani hutajwa shupaza, kopa, uru na pau, na anayekata huwa ameshika turufu. Maneno yote hayo ni ya Kireno yaliyovikwa sauti za Kiswahili hata mchezaji hajui tena kuwa ni mageni. Sahani za muziki ziliitwa santuri, jina la ala ya nyuzi ya Mashariki. Siti binti Saad alipokwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi nyimbo zake, santuri zilizorudi Unguja zilikwisha kuwa na jina lake tayari, na chombo cha kuzipigia kikaitwa kinanda, neno ambalo hapo kabla lilikuwa la ala nyingine kabisa.

Katika mifano hiyo yapo mambo mawili ambayo mwanaistilahi hana budi kuyaangalia. La kwanza ni kwamba watu hukopa bila haya iwapo neno linalingana na ulimi. La pili ni kwamba huongeza maana juu ya neno la zamani iwapo lipo jambo linalofanana. Njia hii ya pili ndiyo yenye faida kubwa, na ndiyo pia yenye hatari, kama tutakavyoona.

Televisheni ilianza Zanzibar mwanzoni mwa miaka ya 1970, nayo ikaanza moja kwa moja kwa rangi, wakati Tanzania Bara haikupata kituo chake hadi mwaka 1994. Neno runinga lilikuja baadaye likajipatia nafasi katika magazeti, lakini majumbani watu walikuwa wamekwisha kuzoea kusema tivii, na mazoea hayo hayajatikisika. Kompyuta ilipita njia nyingine. Serikali ya Tanzania iliweka ya kwanza katika Wizara ya Fedha mwaka 1965, na mwaka 1974 ikapiga marufuku uingizaji wa vyombo hivyo kutoka nje. Kwa hiyo kwa miaka mingi kompyuta ilikuwa jambo la kusomwa zaidi kuliko la kuonekana, na lugha ilikuwa na nafasi ya kulitafutia jina kwa utulivu. Ndipo yakatokea majina kadha. Lipo tarakilishi, lililofinyangwa kutokana na tarakimu na akili, lipo ngamizi, na lipo kompyuta lenyewe, lililokopwa kama lilivyo. Leo Kenya vitabu vya shule hupenda tarakilishi, na huku kwetu kompyuta limetawala ofisini na sokoni. Hatuoni sababu ya kulisikitikia jambo hili. Kompyuta ni neno linalotamkika, linaingia katika ngeli bila taabu, na halimdanganyi mtu.

Biashara ya Unguja ilipofunguliwa katikati ya miaka ya 1980, na mizigo kutoka Dubai na kwingineko ikazidi bandarini Malindi, watu kutoka Bara walivuka kuja kununua redio, televisheni na vitambaa. Tangu hapo Darajani na Mlandege pamekuwa mahali pa kutafutia vyombo vya umeme, vipya na vilivyotumika. Neno mtumba, ambalo kwa asili ni furushi au mzigo uliofungwa, limekwisha kupanuka kutoka katika nguo hata kufika kwenye simu na kompyuta. Hapa maana imepanuka kwa haki, maana kila asikiaye hufahamu kwamba chombo kilikuwa na mwenyewe kabla yake.

Sasa tufike kwenye kompyuta mpakato. Kupakata ni kuweka kitu mapajani, na Muunguja anapolisikia neno hilo humwona mtoto mchanga juu ya mapaja ya mama au bibi yake. Aliyelichagua kwa kompyuta ya kubebeka alichagua kwa ustadi, kwa sababu halikopi sauti ya kigeni wala halihitaji maelezo. Wenzetu wa Kenya wameliunganisha na mwisho wa tarakilishi wakapata kipakatalishi, neno refu kidogo lakini lenye mantiki ile ile. Hata hivyo, kompyuta ya michezo haipakatiki. Nyingi zina uzito wa kilo mbili au zaidi, feni zake hutoa hewa ya moto, na anayeiweka juu ya paja akacheza nusu saa ataitua mwenyewe bila kuambiwa. Aidha, ikilazwa juu ya kitambaa au godoro matundu yake ya hewa huzibika, joto hupanda, nayo hujipunguzia kasi ili isiungue. Katika kisiwa chenye joto na unyevu kama chetu jambo hili si dogo. Jina linasema pakata, na chombo chenyewe kinataka meza.

Lipo pia neno gemu. Kwa nini vijana waseme laptopu ya gemu, ilhali mchezo ni neno la kale na lenye heshima? Tumelifikiria swali hili, na jibu letu ni kwamba mchezo limebeba mizigo mingi mno. Mpira ni mchezo, tamthilia ni mchezo, bao na keram ni michezo. Na akina mama wanaochangiana fedha kila wiki na kupeana kwa zamu nao husema wanacheza mchezo, yaani upatu. Kijana anaweza kabisa kununua kompyuta ya mchezo kwa fedha za mchezo, na msikilizaji asijue lipi ni lipi. Gemu limekuja kujaza pengo. Hatulikatai katika mazungumzo, ingawa katika maandishi tungependa kuona mchezo wa kompyuta, ambalo ni refu lakini halina utata.

Utata ulio mkubwa kuliko wote, na ndio hasa uliotufanya tuandike, umo katika neno kumbukumbu. Ndani ya kompyuta kuna mahali pawili pa kuweka habari. Pa kwanza ni pale ambapo chombo huweka kile kinachofanyiwa kazi wakati huo huo; umeme ukikatika, kila kilichokuwapo hapo hupotea. Kwenye vibandiko huandikwa kwa herufi RAM. Pa pili ni ghala: humo hukaa programu, picha, nyimbo na michezo yenyewe, umeme uwepo usiwepo. Vitabu vingi vimeviita vyote viwili kumbukumbu, na madukani vyote viwili huitwa memori. Tofauti yake kwa hesabu ni kubwa sana. Kompyuta ya kawaida inayouzwa leo huwa na gigabaiti 8 au 16 za aina ya kwanza, na 256, 512 au zaidi za aina ya pili. Mnunuzi akiambiwa kwamba chombo kina memori 512 hufurahi, maana rafiki yake ana 16 tu. Kumbe ameambiwa ukubwa wa ghala, na sehemu ya kazi huenda ni 4, ambayo haitoshi kwa mchezo wowote mkubwa wa miaka hii. Muuzaji hakusema uongo. Neno ndilo lililomfichia.

Lau bao lingetumika kufundishia, tofauti hii ingeeleweka mapema. Bao la Kiswahili lina mashimo 32 na kete 64, na mchezo huanza kete nyingi zikiwa bado mkononi, nje ya ubao. Mwenye kete nyingi mkononi na mashimo machache ya kuzitembezea hana mchezo. Ubao ndio sehemu ya kazi. Mkono ni ghala. Kwa sababu hiyo tunapendekeza kwamba kumbukumbu libaki kwa sehemu ya kazi peke yake, na ile ya pili iitwe hifadhi. Maneno yote mawili yamo katika lugha, kila mtu anayajua, na kilichobaki ni kuyatenganisha tu.

Neno jingine lenye madhara ni kadi. Mtu akiuliza kama kompyuta ina kadi ya michoro atajibiwa kuwa inayo, na jibu hilo ni kweli kwa kila kompyuta yenye kioo. Lakini zipo namna mbili. Kuna kichakataji cha michoro kilichomo ndani ya kichakataji kikuu, ambacho hakina kumbukumbu yake na huazima ile ya kompyuta. Na kuna kile kinachosimama peke yake chenye kumbukumbu yake. Kwa mfano, GTX 1650 iliyotiwa katika kompyuta mpakato tangu mwaka 2019 ina gigabaiti 4, na RTX 3060 ya mwaka 2021 ina 6. Kompyuta nyingi za mtumba zilizokuwa za maofisi huko Ulaya ni za namna ya kwanza. Ni imara, ni nzuri kwa kuandikia, na hazifai kwa michezo mizito, hata zikibandikwa taa za rangi na karatasi zenye picha za wapiganaji. Sisi tungesema kadi tegemezi na kadi ya kujitegemea. Istilahi hizi zina nasaba njema, kwani wanasarufi wamekuwa wakitaja vishazi tegemezi kwa miaka mingi, na mwanafunzi wa sekondari hatazishangaa.

Tofauti hii ina uzito zaidi kwa mwenye fedha kidogo. Kumbukumbu na hifadhi katika kompyuta nyingi huweza kuongezwa baadaye, fundi akifungua kifuniko cha chini. Kadi ya michoro kwa kawaida imechomelewa kwenye ubao wa chombo na haibadilishwi. Basi mwenye fedha za kuhesabu huanza na kadi, akakubali hifadhi ndogo kwa mwaka mmoja. Tena ajue kwamba kadi mbili zenye jina moja huenda zisiwe na nguvu moja, kwa sababu kiwanda huamua kila kompyuta ilishe kadi wati ngapi. RTX 4060 ya kompyuta mpakato, kwa mfano, hupewa wati 35 katika chombo kimoja na hata 115 katika kingine. Jina lililoandikwa juu ya sanduku ni lile lile.

Na umeme wenyewe una historia yake hapa. Unguja ilianza kupata umeme kutoka Bara kwa waya wa chini ya bahari mwaka 1980. Waya huo ulipopata hitilafu mwezi Mei mwaka 2008 kisiwa kilikaa gizani takriban mwezi mmoja, na Disemba 2009 kikaingia gizani tena kwa miezi kama mitatu. Waya mpya wa megawati 100 ulikamilika mwaka 2013. Waliokuwapo wakati huo wanakumbuka sauti ya majenereta ikijaza vichochoro. Watu wengi hununua kompyuta mpakato badala ya ile ya mezani wakitegemea kuwa umeme ukikatika wataendelea. Kwa kazi za kuandika ni sawa. Kwa michezo sivyo, kwa kuwa chombo kikitolewa kwenye umeme hujipunguzia nguvu, na betri haidumu muda mrefu. Neno betri limewaahidi zaidi ya lilichonacho.

Tumalizie kwa rahisi. Kwa asili ya Kiarabu neno hili lahusu bei tu, na wazee wetu hulitumia hivyo hata leo: samaki rahisi ni samaki wa bei ndogo. Baadaye likachukua pia maana ya jambo lisilo na ugumu, na maana hii ya pili inazidi kuifunika ile ya kwanza, hasa kwa waliosomea shule. Pembeni yake lipo nafuu, ambalo lina faida ndani yake, na ndiyo maana mgonjwa naye hupata nafuu. Mnunuzi wa kompyuta anahitaji maneno yote mawili, kila moja mahali pake. Chombo cha kadi tegemezi cha bei ndogo ni rahisi. Chombo kilichotumika miaka mitatu, chenye kadi ya kujitegemea, feni zinazozunguka vizuri na bawaba zisizolegea, kikigharimu zaidi kidogo, ni nafuu. Tangazo linalosema bei nafuu juu ya kile cha kwanza linatumia neno visivyo, na tungependa wahariri wa matangazo walisahihishe.

Limebaki jambo moja ambalo halijapata jina, nalo ni idadi ya picha mpya ambazo kioo huweza kuonyesha kwa sekunde moja. Vioo vya kawaida huonyesha 60, vya michezo 144 na zaidi, na kwenye sanduku huandikwa kwa kipimo cha hetsi. Yamependekezwa kwetu maneno kasi ya kioo, mapigo ya kioo na mpepeso. La kwanza linachanganya, kwa kuwa kasi tumekwisha kuipa kichakataji. La tatu ni zuri kwa sikio lakini laashiria kioo kinachotetemeka, jambo ambalo ni kasoro. Mapigo linaelekea kufaa, maana moyo nao huhesabiwa mapigo kwa muda maalumu. Hadi litakapojadiliwa, anayekwenda Mlandege na aulize kwa maneno marefu: kioo hiki kinaonyesha picha ngapi kwa sekunde?