Dira Iliyo Kichwani mwa Kasa

Kasa jike hurudi kutaga kwenye ukanda ule ule wa pwani alikoanguliwa. Msimbati, kusini-mashariki mwa mji wa Mtwara, nyayo zake hufutwa na maji ya kujaa. Eneo hilo limo ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, iliyotangazwa mwaka 2000. Robo karne imepita; gesi ya ghuba hiyo imeandikwa mno, kasa wake kidogo sana.

Kinachomrudisha ni sumaku ya dunia, ambayo nguvu na mwinamo wake hubadilika kutoka mahali hadi mahali. Mwaka 1855 Alexander von Middendorff wa Urusi alikisia kwamba ndege huifuata; mwaka 1965 majaribio ya Frankfurt yakathibitisha. Mwaka 1991 Kenneth Lohmann wa Marekani aliwaweka watoto wa kasa aina ya duvi katika dimbwi lililozungushiwa koili za umeme. Alipoigeuza sumaku, nao wakageuza mwelekeo.

Mabishano yalizuka juu ya kasa wakubwa. Floriano Papi wa Pisa, Italia, aliyekwisha kujulikana kwa hoja kwamba njiwa huongozwa na harufu, pamoja na wenzake waliwabandika sumaku kasa waliokuwa wakitoka kisiwa cha Ascension kwenda Brazili. Matokeo yalitoka mwaka 2000: kasa walifika kana kwamba hawakuguswa. Ilionekana dira imekataliwa.

Jibu lilitoka jirani, kisiwani Mayotte, takriban kilomita 600 kutoka mdomo wa Ruvuma. Paolo Luschi, mwenzake Papi katika jaribio la Ascension, pamoja na Simon Benhamou na wengine, waliwachukua kasa waliokuwa katikati ya msimu wa kutaga, wakawaachia baharini kilomita 100 hadi 120 kutoka kisiwani, wakawafuatilia kwa setilaiti. Wote isipokuwa mmoja walirudi, lakini waliobandikwa sumaku walizunguka mbali zaidi. Hata waliovuliwa sumaku kabla ya kuachiwa walihangaika vivyo hivyo. Ripoti ya mwaka 2007 ikaipa sumaku ushindi, tena kutoka kwa kundi lile lile la Pisa lililoitilia shaka.

Mwaka 2025 kundi la Lohmann lilionyesha kwamba duvi wadogo hukariri sumaku ya mahali walipolishwa, na kwamba ramani na dira yao ni hisi mbili tofauti. Kiungo chenyewe kinachoinasa sumaku bado hakijapatikana mwilini mwa kasa.