Kinga Inapokata Maini

Saza, katika Wilaya ya Songwe, ni nchi ya dhahabu. Mgodi wa New Saza ulichimbwa enzi za ukoloni, na ukanda mzima wa Lupa bado unasaga mwamba kwenye makarasha. Mtu akigeuka macho ya njano mahali kama hapo, maelezo hayakosekani. Mnywaji ataambiwa ni gongo. Mchimbaji ataambiwa ni zebaki, ingawa sumu hiyo hushika zaidi neva na figo. Wengine wataambiwa ni homa ya ini, na kuanzia siku hiyo kikombe chao kitawekwa kando.

Sasa tuseme mgonjwa ni mama wa miaka arobaini asiyegusa pombe. Amechoka miezi mitatu, viungo vinauma, mkojo umekuwa kama chai ya rangi. Virusi vya homa ya ini B havipo, vya C havipo. Anatoka Saza hadi Mkwajuni, kisha Mbeya, na huko anakabidhiwa karatasi yenye maneno mawili: otoimyuni hepatitisi. Akirudi nyumbani atawaambia watu anaumwa nini?

Tuanze na neno la pili. Hepatitisi limetoka Kiyunani: mwanzo wake ni ini, mwisho wake ni mchochota, yaani hali ya sehemu ya mwili kuvimba, kupata joto na kuuma. Kiswahili cha zahanati kimeliita homa ya ini. Jina limekaa, lakini lina kasoro. Mgonjwa anaweza kukaa mwaka mzima bila homa. Tena watu wamelisikia zaidi kwenye matangazo ya virusi na chanjo, basi ndani yake wanasikia maambukizi. Na lina jina jirani linalolichanganya, homa ya manjano, ambayo ni ugonjwa mwingine kabisa unaoletwa na mbu.

Neno la kwanza ndilo gumu. Oto ni “mwenyewe”. Imyuni ni “-enye kinga”. Kwa pamoja ni kinga inayomgeukia mwenyewe. Mwanzoni mwa karne ya 20 mwanasayansi wa Ujerumani, Paul Ehrlich, alishikilia kwamba mwili unaogopa mno kujidhuru wenyewe. Lakini mwaka 1950 daktari wa Sweden, Jan Waldenström, alieleza habari za wanawake vijana walioumwa ini kwa muda mrefu huku damu yao ikijaa protini za kinga. Ian Mackay wa Melbourne aliuita ugonjwa huo hepatitisi ya kilupasi mwaka 1956, kwa kuwa ulifanana na lupasi, ugonjwa mwingine ambao kinga hushambulia mwili wenyewe. Mwaka 1965 akapendekeza jina tunalohangaika nalo leo.

Mtu atasema: kikulacho ki nguoni mwako. Methali inakaribia, lakini haifiki. Chawa wa nguoni ni mgeni. Huku anayeuma ni wa nyumbani, tena ndiye mlinzi. Anayewajua sungusungu ataelewa upesi zaidi: wamewekwa kulinda kijiji, usiku mmoja wanamdhania mwenye nyumba kuwa mwizi, wanampiga mlangoni pake. Kesho usiku wanarudi.

Kwa nini wamkosee? Hakuna chanzo kimoja. Kuna urithi: watu wenye aina fulani za jeni, zile zinazowezesha kinga kutambua kilicho cha mwili na kisicho chake, wako hatarini zaidi. Kuna jinsia: wanawake hupata ugonjwa huu mara tatu hadi nne zaidi ya wanaume. Na kuna kichokozi. Pengine ni virusi vilivyopita vikaacha kinga imeamka. Pengine ni dawa, kwa mfano nitrofurantoini ya njia ya mkojo au minosaiklini ya chunusi. Mtu haambukizwi ugonjwa huu kwa kikombe, kitanda wala ziwa la mama.

Daktari hana kipimo kimoja cha kumaliza ubishi. Anaangalia vimeng’enya vya ini vilivyopanda, wingi wa kingamwili (zile protini za kinga) za aina ya G, na kingamwili zinazolenga chembe za mwili wenyewe. Kisha huchukua kipande cha ini kwa sindano, kidogo kama uzi, akione chini ya hadubini. Kabla ya hapo ni lazima aondoe visababishi vingine, na kwetu viko vingi. Mwaka 2016 watu wa Dodoma na Manyara waliugua ini ghafla; wagonjwa walikuwa 68 na 20 wakafa. Chanzo kilikuwa sumukuvu kwenye mahindi yao.

Ugonjwa huu una ndugu wawili wanaoshika mirija ya nyongo. Mmoja unatufunza juu ya majina. Kwa miaka mingi kwa Kiingereza uliitwa sirosisi ya nyongo, sirosisi ikiwa ni ini lililojaa makovu na kusinyaa. Wagonjwa wengi hawakuwa na makovu hayo, na kila waliposema “sirosisi” waliulizwa wanakunywa kiasi gani. Walilalamika, na mwaka 2015 jina likabadilishwa: likawa mchochota wa mirija ya nyongo. Dawa yake ya kwanza, asidi ya ursodeoksikoliki, ilibaki ileile. Kilichoondolewa ni aibu.

Tiba ya kinga inayoshambulia ini ina misingi iliyojulikana tangu majaribio ya mwanzoni mwa miaka ya 1970. Msingi wa kwanza ni prednisoloni, vidonge vinavyopatikana hata wilayani, vya kuwatuliza walinzi haraka. Wa pili ni azathioprini, inayofanya kazi polepole na kumwezesha daktari kupunguza prednisoloni. Wagonjwa wengi hupata nafuu. Lakini prednisoloni hujaza uso, hupandisha sukari na shinikizo la damu, na hudhoofisha mifupa. Aliyeitumia kwa wiki nyingi akiiacha ghafla anaweza kuanguka, kwa kuwa mwili umezoea kupewa. Azathioprini nayo hupunguza chembe nyeupe, hivyo damu hupimwa mara kwa mara. Dawa zikiachwa, ugonjwa hurudi kwa wengi. Ndiyo maana matibabu huwa ya miaka, mara nyingi ya maisha.

Kwetu kuna tahadhari ya ziada. Kabla ya kuilaza kinga, mgonjwa apimwe virusi vya homa ya ini B na kifua kikuu. Magonjwa hayo hulala mwilini, na yakikuta walinzi wamelazwa huamka. Ini likishindwa kabisa, kinachobaki ni kupandikiza jingine. Muhimbili imepandikiza figo tangu 2017. Ini, kwa miaka mingi, limekuwa safari ya nje ya nchi, hasa India.

Turudi kwenye jina. “Ugonjwa wa kinga” halifai: tangu tulipopata neno UKIMWI, Mswahili akisikia kinga na ugonjwa pamoja anasikia upungufu. Hapa kinga haikupungua, imepotoka. “Ugonjwa wa kingamwili” nalo lina mwenyewe, maana kingamwili ni zile protini zinazopimwa kwenye damu. Na kuandika otoimyuni peke yake ni kumpa mgonjwa sauti bila maana.

Kiswahili kina silabi moja inayobeba kazi yote ya oto: -ji-. Tunasema kujikata, kujiuma. Meno yakiuma ulimi, hakuna adui aliyeingia kinywani. Basi kundi zima, pamoja na lupasi, baridi yabisi na kisukari cha aina ya kwanza, liitwe magonjwa ya kinga kujishambulia. Hili la ini, kwenye kitabu, liwe mchochota wa ini wa kinga kujishambulia. Ni refu, lakini kila neno lina kazi. Kwenye benchi la zahanati ya Saza litoshe fupi: kinga inashambulia ini. Ndani yake yupo mtenda, lipo tendo, yupo mtendwa, na hayumo jirani wa kuogopwa.

Ninawaomba waganga na wauguzi, mkiandika jina hilo la kigeni kwenye karatasi, andikeni chini yake kwa Kiswahili: kinga inashambulia ini, hauambukizi, usiache dawa bila kumwona daktari. Mama yule ataisoma ndani ya gari la kurudi Mkwajuni, na wa nyumbani kwake wataisoma jioni hiyohiyo.