Chupa ya kusubiri miaka 30: stori ya mvinyo wa Porto na waliofungia hela zao humo

Wiki iliyopita mshikaji wangu mmoja, jina kapuni, anayeuza kava za simu Kariakoo, alinitumia picha saa tano usiku. Kwenye picha kuna katoni ya chupa sita nyeusi za mvinyo wa Porto, chini kaandika: "Mwanangu, hii siyo pombe, hii ni kiwanja." Kuna jamaa mtanashati, naye jina kapuni, alimwambia akinunua katoni ile leo na kuifungia kabatini, baada ya miaka kumi thamani yake inakuwa mara tano. Hela aliyotaka kutoa ilikuwa kodi ya fremu ya miezi sita.

Mimi baada ya form four nilibeba trei kwenye baa ya hoteli moja kwa miaka miwili, na siku za wateja wachache nilikuwa nasoma lebo za chupa na kuperuzi. Kwa hiyo hii stori naijua, na siyo fupi.

Tuanze na neno lenyewe. Mvinyo, meza, leso, gereza, bendera, haya maneno tuliachiwa na Wareno hapa pwani. Waliondolewa Fort Jesus, Mombasa, mwaka 1698. Miaka mitano baadaye, 1703, kule kwao Ureno wakasaini mkataba na Waingereza: nguo za sufi za Uingereza ziingie Ureno, na mvinyo wa Ureno uingie Uingereza kwa ushuru ulio chini ya ule wa Ufaransa kwa theluthi moja. Waingereza walikuwa vitani na Wafaransa, na kiu haijui vita. Wafanyabiashara wa Kiingereza wakajazana mji wa Porto, kule mto Douro unapoingia baharini. Kampuni nyingine zipo mpaka leo, Warre's inajihesabia umri kuanzia 1670.

Zabibu zenyewe zinalimwa mbali huko juu, milimani, kwenye matuta ya mawe yaliyochongwa kwa mkono. Mapipa yalishushwa kwa mashua kwenye mto wenye maporomoko, kisha yakapanda meli. Ili mvinyo usiharibike baharini walimwagia brandi. Baadaye wakagundua kwamba ukiitia brandi wakati zabibu bado zinachachuka, uchachukaji unasimama na sukari inabaki. Ndiyo maana Porto ni tamu na ni kali kwa pamoja, kama asilimia 20 ya kilevi. Usiinywe kwa glasi ya bia, nakuomba.

Sasa hapa ndipo stori inaponoga. Soko lilipopanda, wajanja wakaingia. Wakaanza kuchanganya mvinyo mwepesi na sukari, na juisi ya vitunda vyeusi vya mti unaoitwa sabugueiro, ili rangi ionekane nzito kama ya mvinyo mzuri. Waingereza wakashtuka, bei ikaporomoka, wakulima wakabaki na mapipa wasijue pa kuyapeleka. Mwaka 1756 waziri mwenye nguvu kuliko wote Ureno, yule anayejulikana kama Marquês de Pombal, akaunda kampuni ya serikali ya kusimamia kila tone. Miti ya sabugueiro ikaamriwa kung'olewa. Mipaka ya eneo la Douro ikawekewa mawe ya graniti zaidi ya 300, kwamba nje ya hapa usiniambie unauza Porto. Baadhi ya mawe yale bado yamesimama.

Usidhani watu walishangilia. Kampuni ile ilipewa pia mamlaka juu ya mvinyo wa kuuzwa kwenye vilabu vya mji wa Porto, na mwaka 1757 wenye vilabu na wanywaji wakaingia barabarani. Serikali ikajibu kwa jeshi, mamia wakashtakiwa, kuna walionyongwa. Watu walikufa kwa sababu ya mvinyo ambao leo mtu anapigia selfi.

Mpaka hapo bado hakuna aliyekuwa anaweka chupa miaka 30. Kisa? Umbo la chupa. Zamani chupa zilikuwa fupi na nene kama kitunguu, huwezi kuzilaza. Chupa ikisimama muda mrefu kizibo kinakauka, hewa inaingia, kwisha habari. Kadiri karne ile ilivyokwenda chupa zikawa ndefu na nyembamba, zikalazwa, kizibo kikabaki kimelowa. Mwaka 1775 ndio unaotajwa mara nyingi kama wa kwanza wa Porto ya vinteji, yaani mvinyo wa mavuno ya mwaka mmoja tu, ulioiva ndani ya chupa.

Utaratibu wake hadi leo ni hivi. Siyo kila mwaka unakuwa vinteji. Kampuni inaonja, inasubiri, halafu mwaka wa pili baada ya mavuno ndiyo inatangaza, tena kwa wastani kama mara tatu hivi katika miaka kumi. Mvinyo unaingia kwenye chupa kati ya mwaka wa pili na wa tatu, bila kuchujwa, ukiwa mchanga na mkali. Hapo ndipo unapouzwa mpya, na hapo ndipo unapoanza kusubiri. Miaka 20 ni kawaida, 40 siyo ajabu.

Waingereza wenye nazo walikuwa na desturi: mtoto akizaliwa, baba au baba wa ubatizo ananunua pipa zima la mwaka huo, lita zaidi ya 500, chupa kama 700. Linalazwa kwenye ghala chini ya nyumba, mtoto anakuja kulifungua akiwa mtu mzima. Mimi hii desturi naipenda sana kuliko habari za faida. Mzee mwenyewe huenda hatalionja kabisa.

Na hata wenye mali wenyewe walikosea hesabu. Mwaka 1931 zabibu zilitoka vizuri mno, lakini maghala yalikuwa bado yamejaa vinteji ya 1927, na dunia nzima uchumi umelala. Kampuni nyingi hazikutangaza. Quinta do Noval wakatangaza, na chupa zao za 1931 ni kati ya Porto zinazotafutwa zaidi duniani. Ila kumbuka aliyenunua 1934 hakujua hilo. Aliyejua ni mjukuu wake.

Sasa turudi kwenye mkwanja. Mwaka 2011 ulisifiwa sana, na 2014 jarida moja kubwa la Marekani liliichagua Dow's ya mwaka huo kuwa mvinyo bora wa mwaka. Halafu 2016 na 2017 kampuni kubwa zikatangaza mfululizo, jambo la nadra. Lakini ukiangalia bei, mara nyingi chupa iliyokwishaiva ya miaka 25 haipishani sana na mpya. Maana yake mtu alilipia ghala, bima na kamisheni ya mnada miaka 25 ili apate kilekile. Na ghala lenyewe linataka giza na ubaridi wa nyuzi 12 hadi 15, bila kupandapanda. Chumba changu Mbagala mwezi wa pili, umeme ukikatika, hata mafuta ya nazi yanakuwa maji.

Asubuhi nikampigia mshikaji. Nikamwambia nisomee lebo. Akasoma mwaka, akasoma na herufi tatu: LBV. Hiyo siyo vinteji, kaka. Ina mwaka kweli, lakini imekaa ndani ya pipa miaka minne hadi sita ndipo ikatiwa chupani, na nyingi zinachujwa kabisa ili mtu anywe leo. Nikamwambia bandua karatasi ya juu, kizibo kikoje? "Kina kofia ya plastiki, nakichomoa kwa mkono." Kizibo cha namna hiyo ni cha kufungua na kufunga, siyo cha kulala miaka 30. Vinteji kizibo chake kimezama chote shingoni, na chupa zilizozeeka sana wengine hukata shingo kwa koleo la moto kwa sababu kizibo kinameng'enyuka.

Kakaa kimya kama dakika nzima. Halafu: "Kwa hiyo jamaa kanipiga?" Nikamwambia bado, hela unayo mfukoni.

Katoni kairudisha, isipokuwa ile chupa aliyokwishaichomoa kizibo, ikabidi ailipie. Jumamosi tukainywa watu wanne kwa vikombe vya chai, na jibini ya kuchovya chumvi. Ilikuwa tamu balaa. Jumatatu akalipa kodi ya fremu, pungufu ya bei ya chupa moja, mwenye nyumba akamwandikia deni.